Ganda la Themanini na Nne

Polisi walimkuta Paskalina akimenya viazi mlangoni, saa tatu asubuhi, ukungu ukiwa bado haujainuka kwenye mianzi. Walikuwa wanne, na nyuma yao mwenyekiti wa mtaa, ambaye muda wote alitazama ndala zake mwenyewe. Mkubwa wao, mpelelezi aliyejitambulisha kwa jina la Yoramu, aliuliza kama hapo ndipo kwa Ambrose, yule mzee anayezunguka porini na mashine.

"Ndipo, karibuni," Paskalina alisema. "Amekwenda kufunga ng'ombe, anarudi sasa hivi."

"Tutamsubiri huku tukifanya kazi," Yoramu alijibu, na kumwonyesha karatasi ambayo hakumpa nafasi ya kuisoma.

Kitandililo nzima ilijua kilichowaleta. Wiki iliyopita lori la viazi lilisimamishwa mteremkoni, dereva akapigwa risasi ya bega, na wezi wakatokomea kwenye misitu ya paini. Tangu hapo polisi walikuwa wakiingia nyumba hadi nyumba. Paskalina aliendelea kumenya viazi, maana hakuona sababu ya kuacha. Ndani kwake kulikuwa na nini zaidi ya mahindi, majembe, na ile mashine ya kutafutia madini ambayo mumewe aliinunua kwa wachimbaji wa Chunya kwa hela ya miti yao, bila kumwuliza? Miaka mitatu aliichukia kama mtu anavyomchukia mke mwenza. Hakuwahi kuigusa, hata wakati wa kufagia.

Kisha askari mmoja akatoka chumbani na kopo kubwa la mafuta ya kupikia. Alilikuta chini ya kitanda, nyuma ya mabuti ya mvua. Akalimimina kwenye mkeka, na vitu vikamwagika kwa mlio mkavu: vikopo vidogo vya shaba, vingine virefu na vyembamba, vingine vinene, vyote vimeingia ukijani na weusi.

"Maganda ya risasi," Yoramu alisema taratibu. Akachuchumaa, akaanza kuhesabu. Yalikuwa sitini na moja.

Ambrose alifika akiwa na kamba ya ng'ombe mkononi. Alitazama mkeka, akatazama mkewe, akavua kofia.

"Hayo ni ya zamani," alisema. "Nimeyatoa ardhini, kule kilimani kwa Sila."

"Unatafuta nini kilimani?"

"Rupia za Mjerumani. Na vyuma vya kuuza."

Hapo mwenyekiti wa mtaa akapata sauti. "Mzee Ambrose, wewe unauza hadi misumari iliyopinda. Kila mwezi unapeleka vyuma chakavu Makambako. Shaba ndiyo yenye bei kuliko yote. Hii mbona hukuuza?"

Ambrose alifungua mdomo, akaufunga. Yoramu alimsubiri. Kisha mpelelezi akainuka, akajipangusa magoti, akasema kwamba mtu asiye na la kusema nyumbani kwake atalipata kituoni. Walimpandisha kwenye gari akiwa bado na kamba mkononi. Mashine nayo ikapakiwa, pamoja na kopo.

*

Kesho yake Paskalina alikuwa kituoni kabla ya kaunta kufunguliwa, na chupa ya uji iliyofungwa kwa kanga. Askari wa zamu, binti mmoja aliyeitwa Justine, alimwambia akae kwenye benchi. Alikaa hadi saa sita. Watu walimpita. Mama mmoja wa kanisani kwao, aliyekuja kuripoti simu iliyopotea, alimwona, akageuza uso haraka kusoma tangazo la ukutani lililokuwa limechanika katikati.

Alipoitwa ndani, Yoramu alikuwa ametandaza maganda juu ya gazeti. Alitaka asaini kwamba ndiyo yaliyotolewa nyumbani kwake.

"Nitasaini, afande. Lakini naomba nijue mnasema ni ya nini."

Yoramu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye dereva hospitalini na wakubwa wanaopiga simu kila baada ya chakula cha mchana. Akaokota ganda jembamba, akamgeuzia kitako. "Soma hapo, mama. Unaona? Sitini na saba." Akaokota jingine, nene, zito kama kizibo cha chuma. "Na hili? Themanini na nne. Mumeo ananiambia habari za Mjerumani. Mjerumani aliondoka nchi hii lini? Mwaka themanini na nne mimi nilikuwa nasoma chekechea."

"Hayo ndiyo yaliyopiga dereva?"

"Hilo atasema mtaalamu. Tutayapeleka Dar es Salaam, majibu yatachukua miezi. Lakini Jumatatu mumeo anakwenda mahakamani kwa kosa la kukutwa nayo, na kwa hali ilivyo sasa, sahau dhamana."

Ilikuwa Jumatano. Paskalina alihesabu kimyakimya: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Ambrose alikuwa na miaka sitini na minne na kifua kisichopenda baridi ya saruji.

"Afande," alisema, "naomba karatasi na penseli."

"Za nini?"

"Nataka kuchukua hayo maandishi. Sitaondoka na kitu. Karatasi tu."

Yoramu alitaka kukataa, lakini simu yake ikaita na akatoka nayo koridoni. Justine ndiye aliyechomoa karatasi mbili kwenye mashine ya kuchapia, akampa na penseli. Paskalina akafanya kile ambacho kila mtoto wa shule hukifanya na sarafu: aliweka karatasi juu ya kitako cha ganda, akasugua kwa upande wa penseli, polepole, mpaka duara likajitokeza jeupe kwenye weusi, na ndani yake herufi na tarakimu. Alichukua aina tatu, maana aliona ziko tatu. Nene lenye 84. Jembamba lenye alama nne pembeni: P, 4, 11, na S 67. Na jembamba jingine lenye ukingo uliotokeza kwenye kitako, limeandikwa K 15 na VII.

"Mama," Justine alisema kwa sauti ya chini, akijifanya anapanga mafaili. "Kule Kifanya kuna mzee anaitwa Damiano. Alikuwa fundi wa silaha jeshini. Alipostaafu akapanda miti. Mimi sijakwambia."

*

Alhamisi alipanda basi la Kosta hadi Njombe, akashuka stendi, akatafuta gari la Kifanya. Kifanya aliulizia mara mbili tu. Mzee Damiano alikuwa kwenye kitalu chake, akimwagilia miche ya paini kwa kopo lililotobolewa, amevaa koti la jeshi lililopauka hadi likawa na rangi ya vumbi.

"Kamwene," Paskalina alimsalimu.

"Kamwene, mama. Miche imekwisha kuwekewa oda yote."

"Sikufuata miche, baba. Nimefuata macho yako."

Alimweleza yote wakiwa wamesimama. Mzee alipoelewa kwamba ni habari ya polisi, aliweka kopo chini, akasema hataki. Alikuwa amemaliza utumishi wake salama, bila doa, na hakuwa na haja ya kuitwa shahidi uzeeni. Paskalina hakubishana. Alikunjua karatasi zake, akazishika mbele yake kwa mikono miwili, upepo usizichukue, na akabaki hivyo. Mzee alitazama pembeni kwa muda. Kisha macho yake yakarudi kwenye karatasi yenyewe, kama fundi seremala anavyoshindwa kuacha kutazama kiti kilicholegea.

"Nani kakwambia usugue hivi?"

"Hakuna."

"Umefanya vizuri. Mtu akikuchorea, anachora anachokijua yeye. Ukisugua, unapata kilichopo." Akamkaribisha kibarazani, akaleta miwani na rula ya plastiki ya mwanafunzi.

Alianza na lile lenye alama nne. "Huyo afande kasoma sitini na saba, akadhani ni mwaka. Watu wengi hudanganyika hapo. Hiyo S na sitini na saba ni aina ya shaba waliyochanganya. Mwaka uko upande mwingine, huu hapa, kumi na moja. Na hii nne ni mwezi. Aprili, elfu moja mia tisa na kumi na moja. Ni ya Mjerumani." Akasogeza kidole. "Hili la K ni la Mwingereza, mwaka wa kumi na tano. Walipokuja kumfukuza Mjerumani walipita huku kwetu. Hayo mawili hayana ubishi."

"Na themanini na nne?"

Mzee Damiano aliisogeza karatasi karibu. Aliweka rula juu ya duara, akaigeuza, akapima tena upande wa pili.

"Milimita kumi na tano," alisema. "Mimi nimeshika SMG, bunduki ya jeshi, miaka ishirini na miwili, nimezifungua na kuzifunga hata gizani. Kitako cha risasi yake ni milimita kumi na moja na ushee. Wanaoteka malori wanatumia hizo, au bunduki za kuwindia, na zile kitako chake ni kipana kuliko hiki. Hiki kiko katikati. Ulichungulia mdomo wa hilo ganda? Kipande cha chaki kinaingia?"

Paskalina alijaribu kukumbuka. "Kinaingia. Hata ncha ya kidole changu kidogo."

"Basi penseli ndiyo inayoingia kwenye ganda la SMG, chaki haiingii. Hii ni ile bunduki ya Mjerumani ya mwanzo kabisa, ya baruti nyeusi, inayotoa moshi kama jiko la kuni. Askari wake wa kiafrika ndio waliopewa, kwa kuwa wazungu wenyewe walishapata mpya. Themanini na nne hiyo ni elfu moja mia nane, mama. Babu yangu alikuwa hajazaliwa."

Paskalina aliweka karatasi mapajani. Miaka mia moja katikati ya tarakimu mbili. Mumewe alikuwa amelala kwenye saruji kwa sababu ya miaka mia moja ambayo aliyechonga lile ganda hakuona haja ya kuiandika.

"Niandikie, baba. Maneno hayo hayo."

"Nitaandika. Lakini nikuambie ukweli. Barua yangu haina muhuri. Watasema mzee wa miche kaandika nini. Wewe waonyeshe ardhi. Ganda la mwizi wa wiki iliyopita liko juu ya majani. La Mjerumani liko chini, na juu yake pamekwisha kuota vitu."

*

Ijumaa walimruhusu dakika tano na Ambrose, kupitia dirisha lenye nondo. Alikuwa amekohoa usiku kucha, sauti imekauka.

"Nifundishe mashine," Paskalina alimwambia.

Ambrose alimtazama kama mtu aliyesikia lugha nyingine. Katika miaka mitatu, neno hilo lilikuwa halijatoka kinywani mwa mkewe bila kuandamana na tusi.

"Unabonyeza kitufe chekundu," alisema hatimaye. "Sahani iwe karibu na majani, isiguse. Unaipeleka kushoto na kulia, polepole, kama unafagia. Ikikoroma, hicho ni chuma. Ikilia sauti nyembamba, ya mbuzi mchanga, hiyo ni shaba. Usikimbilie kuchimba. Rudi upande wa pili, usikie kama bado inalia."

"Na kwa nini hukuyauza, Baba Oliva? Wanalishikilia hilo kuliko yote."

Aliinamisha kichwa. "Nitakwambia nikitoka," alisema, na askari akasema muda umekwisha.

Kutoka hapo Paskalina alikwenda moja kwa moja mezani kwa Yoramu, akaweka barua ya Mzee Damiano na karatasi za kusugua. Mpelelezi alisoma hadi mwisho, jambo ambalo Paskalina alimshukuru kwalo baadaye. Aliagiza chaki kutoka shule ya jirani. Akaichomeka kwenye ganda nene, ikaingia. Akatoa kwenye droo moja ya maganda mawili ambayo polisi waliyaokota barabarani siku ya lori, akajaribu. Chaki ikagoma mdomoni. Alikaa akiiviringisha chaki vidoleni.

"Ni hoja," alisema. "Lakini bado sijui mumeo aliyapata wapi. Yanaweza kuwa ya zamani na bado akawa anayatafutia bunduki yake."

"Chukua mashine twende kilimani. Nitakutolea mengine mbele ya macho yako."

"Unataka nibebe kielelezo cha kesi nikakichezee porini?"

"Nataka ukaone, afande. Nisipopata kitu, andika hivyo hivyo kwamba sikupata."

Alimwambia atafikiria. Paskalina akarudi kwenye benchi, akakaa. Saa nane alikuwa pale. Saa kumi alikuwa pale. Ofisi zikafungwa, Yoramu akapita na funguo mkononi, akasimama.

"Kesho saa mbili," alisema. "Na usilete watu."

*

Watu walikuja wenyewe. Sila, mwenye shamba, alikuwa wa kwanza, amesimama mbele ya miche yake ya parachichi akiwa amefumbata mikono. Alikuwa jirani yao wa siku nyingi, na alipomwona Paskalina akishuka kwenye gari la polisi hakumsalimu.

"Ni wewe uliyepeleka jina lake," Paskalina alimwambia, bila kupandisha sauti.

"Niliulizwa nani anazunguka kilimani. Nikasema ninachokiona. Ningesema uongo?"

"Hapana. Leo pia useme unachokiona. Simama karibu."

Justine alikuwa amekuja na jembe dogo na mifuko ya plastiki. Paskalina alivaa mkanda wa mashine begani. Ulikuwa umefungwa kwa urefu wa Ambrose, ukamvuta upande. Akabonyeza kitufe chekundu. Akaanza kufagia.

Saa nzima alipata kipande cha jembe la zamani, misumari, kifuniko cha soda, na bati. Kila mashine ilipokoroma, vijana waliosimama kwa mbali walicheka chini kwa chini. Mtu mmoja alisema mama kawa fundi redio. Jasho lilimtoka ingawa upepo wa kilimani ulikuwa wa baridi. Yoramu alitazama saa yake mara ya tatu, na safari hii hakuificha.

Paskalina akasimama. Alikuwa akizunguka kama anayetafuta kuku aliyepotea, mahali popote. Akazima mashine, akafikiri. Mtu mwenye bunduki hasimami popote. Anasimama anapoona. Akapanda hadi ukingo wa juu, pale kilima kinapokatika kabla ya kushuka bondeni, ambapo kulikuwa na kisiki kikubwa cheusi kilichojaa kuvu. Akawasha. Hatua ya nne, mashine ikalia nyembamba, ikanyamaza. Akarudi upande wa pili. Ikalia tena.

"Hapa," alisema. "Uchimbe wewe mwenyewe, afande. Mimi sitagusa."

Yoramu alivua koti. Alichimba shubiri moja, akakuta mzizi wa kile kisiki, mnene kama mkono. Ganda lilikuwa chini yake. Lilikuwa limeshikwa, mzizi ulikuwa umekua ukalizunguka, na ubao wake umeingia hadi kwenye kiuno cha shaba. Ilibidi akate kwa kisu. Alipolitoa, alilisugua kitako kwa kidole gumba, akalielekeza kwenye mwanga. Paskalina alimwona midomo ikicheza kabla hajasema.

"Themanini na nne."

Akamgeukia Sila. "Huu mti ulikatwa lini?"

Sila aliacha kufumbata mikono. Alionekana kama anayetamani asiulizwe, lakini aliulizwa. "Aliukata marehemu baba, alipojenga nyumba ya bati. Ni sabini na nne. Nilikuwa darasa la tatu, mimi ndiye niliyebeba matawi."

"Una uhakika?"

"Nyumba ina mwaka wake kwenye saruji ya mlangoni. Nenda kaangalie."

Yoramu alikaa chini, pale pale kwenye udongo, akaandika kwenye daftari lake kwa muda mrefu. Vijana wakasogea karibu.

Ingeishia hapo, maana ilitosha. Ila mpelelezi alitaka kujua kama liko peke yake, na Paskalina naye hakutaka kuacha. Wakaendelea kufuata ukingo. Kila ganda lilipotoka, Justine alichomeka kijiti mahali pake. Kufikia adhuhuri vijiti vilikuwa kumi na vinne, na hata mtoto angeona kwamba vimepangana mstari mmoja, hatua mbili kwa hatua mbili, kama shuleni asubuhi.

Paskalina alisimama nyuma ya mstari, akatazama kule walikotazama wenye bunduki.

Chini kulikuwa na bonde, na kijito, na vinyungu vya wanawake wa Kitandililo, matuta ya kabichi na maharage yanayolimwa kwenye unyevu wakati wa kiangazi. Kinyungu chake mwenyewe kilikuwa cha tatu kutoka kwenye daraja la magogo. Aliweza kuhesabu kabichi. Hapakuwa na jiwe wala mti wa mtu kujificha. Akashuka peke yake na mashine, Yoramu akamwacha. Huko bondeni ilikoroma mara moja tu, akatoa jembe lililoliwa na kutu. Ikalia nyembamba mara moja, akatoa bangili ya shaba, ndogo, ya mkono wa mwanamke mwembamba au wa msichana. Kwingine kote ilikaa kimya, hata ganda moja la kujibu kutoka chini halikuwepo.

Alipanda kilima akiwa ameishika bangili kwenye kiganja kilichofunguka, akamkabidhi Justine. 

*

Jumatatu Ambrose hakwenda mahakamani. Yoramu aliandika kwamba maganda ni mabaki ya kale yaliyotoka ardhini, na kwamba hayahusiani na tukio la lori. Akamrudishia mkanda, kofia, na ile kamba ya ng'ombe. Mashine aliirudisha pia, kwa onyo kwamba kuchimba vitu vya kale bila kibali ni kosa jingine, na safari ijayo yeye mwenyewe hatachuchumaa na jembe kumtetea. Kwa Paskalina alisema, "Mama, barua ya yule mzee nimeiweka kwenye jalada. Mwambie imefika." Hakuomba radhi. Aliwafungulia geti mwenyewe.

Walitembea kupita sokoni, kwa kuwa Paskalina alitaka wapite sokoni. Ambrose alikuwa amevaa nguo alizokamatwa nazo, na alijaribu kushika njia ya nyuma. Mkewe akamshika kiwiko, akamwelekeza kati ya meza za nyanya. Yule mama wa kanisani alikuwa pale, anachagua vitunguu.

"Tumsifu Yesu Kristo," Paskalina alimsalimu, akasimama mpaka akajibiwa.

Walipofika kwenye njia ya nyumbani, kati ya mashamba ya alizeti, Ambrose alianza kusema bila kuulizwa.

"Yale ya kwanza niliyauza. Kilo moja na nusu, Mjerumani na Mwingereza mchanganyiko, yalikuwa yametapakaa huko chini barabarani. Sikujali. Kisha nikaanza kupata yale manene, juu ukingoni. Siku moja nikarudi nyuma nikaona mashimo yangu yamekaa mstari. Nikatazama mbele."

"Na mimi nimetazama," Paskalina alisema.

"Nilidhani nitakwambia. Kila jioni nilidhani. Lakini wewe unalima pale, mama yako alilima pale. Tunakula kabichi za pale. Nikaona nikikwambia, hutaweza kushika jembe. Na kuyapeleka kwenye mizani ya vyuma chakavu sikuweza, hata yale membamba niliyoyapata baadaye. Ningewaambia polisi nini? Kwamba nayahifadhi kwa sababu yananitia huzuni?"

"Ungewaambia hivyo hivyo."

"Wangecheka."

"Wangecheka," alikubali. "Halafu ungekuwa umesema."

Walitembea. Ambrose akakohoa, wakasimama hadi kikohozi kikapita. Kisha Paskalina akasema kwamba kesho ataenda kupalilia kinyungu chake kama kawaida, ila atamwomba katekista awasomee sala pale bondeni Jumapili, kwa wote, waliobatizwa na wasiobatizwa. Na Sila pia ataalikwa. Ambrose akasema Sila hatakuja. Sila alikuja, na benchi lake mwenyewe akalibeba kichwani.

*

Mwezi wa nane alifika afisa wa mambo ya kale, kijana mwenye buti safi aliyeitwa Linus, akiwa na yale maganda sitini na moja na yale kumi na manne, kila moja kwenye mfuko wake. Polisi walikuwa wamemwambia aulize kwa Ambrose. Ambrose alimpokea, akamletea kiti, kisha akamwita mkewe.

"Huyu ndiye wa kumwuliza," alisema. "Mimi nilikusanya tu."

Paskalina alimpeleka ukingoni. Alimwonyesha kisiki na mzizi uliokatwa. Alimweleza jinsi ya kutofautisha, kwa chaki na kwa rula, mwaka uko upande gani, na kwa nini sitini na saba si mwaka. Kijana alipiga picha, akapima umbali kati ya kijiti na kijiti, akaandika kila kitu kwa herufi ndogo nadhifu. Alifurahi sana. Alisema ni nadra kupata mstari wa wapigaji ulio mzima namna hii, na kwamba kutokana na nafasi zao mtu anaweza kukadiria walikuwa askari wangapi.

"Labda kumi na watano," alisema, akiandika. "Pengine ishirini." Kisha akatazama chini, kwenye vinyungu, ambako wanawake wawili walikuwa wakimwagilia. "Na wale waliokuwa upande ule? Mmeweza kujua walikuwa wangapi?"

"Tulipata jembe moja na bangili," Paskalina alisema.

"Basi?"

"Basi. Mashine inasikia chuma tu, mwanangu. Watu haiwasikii."